Mzee Swalehe na Miguu ya Wabanguaji

Mzee Swalehe hakuwa mtu wa kukaa. Kiti chake pale getini, kwenye kiwanda cha kubangua korosho Masasi mjini, kilikuwa na mto mzuri alioushona mkewe Hamida kwa mkono wake mwenyewe, na mto huo ulizeeka bila kukaliwa. Mzee anainuka, anashika komeo, analiachia, anakwenda mpaka kwenye pipa la mchanga, anarudi, anasimama, anategesha sikio. Ukimuuliza anasikiliza nini atakwambia lori linapanda mlima, nawe utacheka kwa kuwa husikii kitu. Baada ya muda lori linatokea, na kicheko chako unakimeza mwenyewe.

Sifa yake ilikuwa hiyo. Lakini iliyokuwa kubwa zaidi ni ya miguu. Kila asubuhi wabanguaji sitini na watatu waliingia kwenye geti lile, wote wanawake, vilemba vya khanga vimeshuka mpaka kwenye nyusi na barakoa zimepanda mpaka chini ya macho. Hata mama mzazi angepata kazi kumjua mwanawe. Mzee Swalehe aliwaita kwa majina kabla hawajafika. Ziada, leo umewahi. Somoe, mguu bado? Wao wakacheka, wakamwamkia, wakapita, na yeye akabaki amenyoosha shingo kwa kuridhika. Tusimfiche: alijisikia.

Ujuzi huo hakuusomea popote. Kwao ni Newala, ukingoni kabisa mwa nyanda za juu, mahali ambapo ardhi inakatika ghafla na bonde linaanza. Alipokuwa mtoto maji yalikuwa huko bondeni. Kina mama walishuka alfajiri na ndoo, wakapanda tena jua likiwa limeshakolea, na watoto walikaa juu ya mteremko wakiwangoja, midomo imekauka. Ambaye mama yake ametangulia ndiye anayekunywa kwanza, na wengine wanamtazama. Swalehe alijifunza kumsikia mama yake kabla kichwa chake hakijatokeza vichakani. Mama yule alikanyaga kwa nguvu mguu wa kulia na kwa kubembeleza wa kushoto, kwa sababu ya kisiki kilichomchoma akiwa mwali. Swalehe akisema yule ni mama, wenzake walibisha, na mama akatokeza. Ujuzi aliupata pale, na ubishi nao aliupata palepale.

Ukubwani alishuka Masasi kubeba magunia, akajenga Lisekese, akamuoa Hamida, wakapata watoto wawili. Mkubwa, Stamili, ameolewa Chidya. Mdogo anaendesha malori Mtwara. Getini alikuwa ametimiza miaka kumi na minane. Kama mambo yangebaki hivyo, hadithi yake ingekwisha hapa.

Mwaka uliopita macho yalianza kuingia ukungu. Kwanza alilaumu moshi wa maganda ya korosho. Kisha akalaumu taa za kiwandani, halafu sabuni ya Hamida. Siku aliyoweka kikombe cha chai pembeni mwa meza na kukisikia kikivunjika sakafuni, aliacha kulaumu. Hamida alifagia vile vigae bila kuuliza.

Mzee aliogopa mambo mawili. La kwanza linajulikana: mlinzi asiyeona si mlinzi, na geti lile ndilo lililomfanya aitwe mtu. La pili hakuwahi kulitamka. Mama yake, yule wa ndoo, alikufa akiwa kipofu, na nyumbani hapakuwa na aliyejua kama ule ulikuwa mtoto wa jicho ambao daktari anautoa, au ule ugonjwa mwingine ambao jicho likishazima limezima. Swalehe alijiambia kwamba maadamu hajapimwa, bado inawezekana ni ule unaotolewa. Kutojua kulimpa nafasi ya kupumua. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, naye aliijua methali hiyo vizuri na aliwaambia wengine mara nyingi.

Basi kule kuhangaika kwake getini hakukuwa hangaiko tupu. Alikuwa akipima ardhi. Kutoka kitini hadi kwenye komeo ni hatua nne, kutoka komeo hadi pipa ni kumi na moja, na karibu na pipa pana jiwe la kuruka. Alizirudia hatua zake siku nzima ili zisimtoke kichwani. Watu walisema mzee ana nguvu, hatulii. Wageni wa kusaini daftari aliwaambia tu, andika hapo chini ya mwenzako, na wakaandika.

Hapo ndipo alipoingia Naima.

Naima alikuwa binti wa miaka ishirini na sita hivi, fundi wa kompyuta kutoka Dar es Salaam, mpole, mwenye begi kubwa kuliko mgongo wake. Kiwanda kilitaka mashine ya kutambua nani ameingia na saa ngapi. Ile ya alama za vidole ilishindwa mwezi wa kwanza, maana mafuta ya ganda la korosho yanakula ngozi, na vidole vya mbanguaji wa siku nyingi havina alama yoyote ya kusoma. Ya kutazama uso nayo ilishindwa kwa ajili ya barakoa. Kwa hiyo Naima alileta kamera zinazomjua mtu kwa mwendo. Aliwakusanya wote uwanjani akawaeleza kwamba kompyuta haishughuliki na sura. Inachukua umbo la mtu anavyotembea, inapima urefu wa hatua, goti linavyokunjika, nyonga inavyoyumba, mikono inavyopishana, kisha inaweka kumbukumbu. Siku nyingine mtu huyo akipita, inalinganisha na kusema jina. Wanawake walipigana vikumbo kwa kucheka. Somoe alisema kumbe sasa viuno vyao vitaandikwa ofisini.

Mzee Swalehe hakucheka. Kazi aliyoisikia ikielezwa ilikuwa yake, neno kwa neno. Lakini papo hapo akajisikia amepata nafuu, maana mashine ikishataja majina, nani atakayemuuliza mlinzi ameona nini? Siku ile alitembea getini mpaka Ziada akamwambia atatoboa ardhi.

Mama Huruma, msimamizi wa kiwanda, mwanamke wa maneno machache, aliuliza iwapo mashine itamkataa mtu itakuwaje. Kabla Naima hajafungua mdomo, Mzee Swalehe alikuwa ameshajitokeza mbele. Alisema atakayekataliwa ni mgeni, na mgeni asaini daftari la wageni kwa mkono wake mwenyewe, asisainiwe na mtu wala asilete maelezo. Alisema hivyo ili aonekane mkali. Mama Huruma aliipenda, ikaandikwa, ikawa inaitwa sheria ya Mzee Swalehe.

Usajili ulifanyika getini, kila mtu akipita mbele ya kamera mara sita. Mzee naye alisajiliwa, kutoka kitini hadi kwenye pipa na kurudi, akaruka lile jiwe bila kuliangalia. Naima alimsifu kwamba anatembea kijana. Neno hilo alilipeleka nyumbani na kulirudia mbele ya Hamida mara tatu, na Hamida akaitikia mara tatu.

Kisha vurugu zikaanza. Palikuwa na kamera mbili, moja getini na nyingine kwenye mlango wa ukumbi wa kubangulia. Ya getini iliwatambua wote bila kukosea. Ya ukumbini haikumtambua yeyote. Ziada anaingia getini akiwa Ziada, anavuka uwanja, akifika ukumbini ameshakuwa mgeni na king'ora kinalia. Kwa sheria ya Mzee, wanawake sitini na watatu walirudishwa kusaini daftari, na kazi ikaanza saa nne badala ya saa moja. Naima alipandisha kamera, akaishusha, akabadili taa, akashinda siku tatu bila kula sawasawa.

Siku ya nne alikwenda kukaa kwenye kile kiti chenye mto, mwenye kiti akiwa amesimama kama kawaida, akamweleza tatizo. Alisema kamera haina kosa. Wanawake wenyewe ndio wanaotembea miendo miwili. Getini hatua zao ni fupi, wanaburuza viatu, wengine wanapiga mguu chini kwa nguvu. Wakishapita geti wanabadilika, wanatembea watu wengine kabisa.

Mzee Swalehe alicheka mpaka akashika komeo.

"Binti yangu, hiyo ni adabu," alisema. "Huku kwetu mtu hampiti mzee kwa kasi. Anapunguza, anaburuza mguu, anampa nafasi ya kuitikia shikamoo yake. Wasajili mahali ambapo mimi sipo, utaona."

Naima alimtazama kwa heshima mpya, akaandika kwenye daftari lake. Alimwambia kwamba vitabu alivyosoma havina jambo hilo. Mzee akavimba. Siku mbili nzima alimsimulia kila dereva jinsi alivyoifundisha kompyuta.

Na kweli ilifaa. Naima aliwasajili wabanguaji upya kwenye njia ya nyuma, kando ya uwanja wa kuanikia korosho, ambako hapakuwa na mzee yeyote. Mashine ikawakubali kila walikopita. Mama Huruma akaamua kwamba kuanzia Jumatatu wafanyakazi wote wataingia kwa mlango wa nyuma ulio kwenye njia hiyo, kamera ya getini ihamishiwe huko, geti kubwa libaki la malori. Mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini aliyechimba hiki alikuwa bado anapokea pongezi.

Jumamosi Naima alimfuata amsajili upya, kama wenzake. Mzee alikataa. Uwanja ule aliuogopa. Umejaa maturubai, reki, magunia, na kila saa vitu vinahamishwa. Hakuwa na hesabu ya hatua hata moja upande ule.

"Mimi nina mwendo mmoja tu," alimwambia, "mbele ya mkubwa na mbele ya mdogo. Wa getini unatosha."

Naima akamwamini. Jioni ile, wafanyakazi walipotoka, mzee alizunguka nyuma peke yake akaipima ile njia: hatua ishirini na mbili kutoka mlangoni hadi kwenye nguzo ya kamera, kulia turubai, kushoto ukuta. Jumapili aliirudia nyumbani, uani, mpaka Hamida akamuuliza anatafuta nini. Hakula vizuri, na usingizi ulimpitia juu juu.

Jumatatu aliwahi. Lakini alfajiri ile yalikuwa yamekuja malori mawili ya korosho ghafi, na magunia yalikuwa yamepangwa njia nzima, mengine yamelala katikati. Hesabu yake ya Jumamosi haikuwa na kazi tena. Alisimama mlangoni akijifanya anapanga foleni, akiwatanguliza wote mbele yake. Mashine ilikuwa na kisauti kidogo. Somoe, karibu. Ziada, karibu. Wanawake sitini na watatu walipita, na hakubaki mtu wa kumtanguliza.

Akaenda. Mkono wa kushoto ulitangulia kidogo, kiganja wazi. Alinyanyua mguu juu kuliko kawaida, akautua kwa kupapasa, akaunyanyua mwingine. Alilikwepa gunia la kwanza kwa bahati na la pili kwa goti. King'ora kikalia, kisauti kikasema hajulikani.

Alirudi mlangoni akaanza upya, safari hii akijikaza kutembea kwa kasi. Hajulikani. Mara ya tatu hivyo hivyo. Wanawake hawakuwa wameingia ukumbini. Walisimama wote wanamtazama, na kimya chao alikisikia.

Mama Huruma alitoka ofisini na daftari la wageni. Hakuwa mwanamke mbaya, lakini asingeweza kuwarudisha sitini na watatu wiki iliyopita kisha amwachie mmoja.

"Mzee wangu, sheria ni yako," alisema, akamwekea daftari juu ya gunia na kumpa kalamu mkononi.

Mzee Swalehe aliinama. Aliandika jina lake lote kwa mwandiko aliojifunza shuleni Newala, herufi zimesimama vizuri, na lote akaliandika palepale palipokuwa pameshaandikwa jina la dereva aliyeingia Ijumaa.

Naima alilitazama daftari, akamtazama mzee, akatazama tena daftari. Alimsogelea akamuuliza taratibu kama macho yanamsumbua. Mzee akasema kalamu ni mbovu. Akasema mashine nayo ni mbovu, alijua tangu mwanzo. Sauti ilikuwa inapanda na miguu ilikuwa inatafuta pa kwenda, lakini pale palikuwa na magunia kila upande. Akashika silaha yake ya mwisho.

"Waulizeni hawa," alisema. "Mwaka mzima nimewaita mmoja mmoja wakiwa wamejifunika. Nimekosea nani? Ziada, nimewahi kukukosea wewe?"

Ziada alikuwa mama wa watoto wanne, mwembamba, na kila siku alikuwa mwepesi wa utani. Siku hiyo utani haukuwepo. Alivua barakoa yake.

"Mara moja, Baba Stamili," alisema. "Msimu uliopita uliniita Somoe. Nilipoitikia ukaijua sauti, ukafadhaika, ukashinda siku nzima unatembea."

Mzee akasema haikumbuki siku hiyo. Aliikumbuka sana.

Ziada aliendelea, mara anamtazama yeye, mara anatazama chini. Jioni ya siku ile wabanguaji walikaa bombani wakanawa mikono na kuulizana wafanye nini. Kumwambia mzee mwenye heshima zake kwamba haoni, nani angeanza? Na kunyamaza, geti lingemuumbua mbele ya wakubwa. Basi wakagawana. Somoe akapewa kuburuza mguu wa kulia. Ziada akachukua kukwaruza yeboyebo zake za plastiki changaraweni. Mwingine kukanyaga mara mbili kwenye kizingiti, mwingine kukohoa. Kila mtu na alama yake, sitini na watatu, kuanzia kona ya barabara mpaka wakishalipita geti. Wageni wa kazi walifundishwa siku ya kwanza, kabla hata ya kuonyeshwa namna ya kubangua.

Naima alishika mdomo. Sasa aliona mashine yake ilikuwa imejifunza nini kule getini.

"Si adabu ya kumpita mzee?" aliuliza Mzee Swalehe. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Ni adabu pia, baba. Ila tuliitembea kwa ajili ya macho yako."

Kwanza alikasirika. Alitaka kuwauliza nani aliwaomba, na nani aliwapa ruhusa ya kumhurumia mtu mzima. Kisha hasira ikamwishia, ikaja aibu, naye akawakumbuka madereva wote aliowasimulia jinsi alivyoifundisha kompyuta. Akakumbuka vigae vya kikombe ambavyo Hamida alivifagia bila kuuliza, na mto wa kiti alioshonewa mwaka huohuo. Hata nyumbani walikuwa wanajua. Mtu pekee aliyefichwa siri ile alikuwa mwenye siri. Akajisikia mchovu, akatamani kukaa, jambo ambalo watu wa pale hawakuwahi kumwona nalo, na Mama Huruma akamshika mkono akamkalisha juu ya gunia. Akamwambia geti litalindwa na mtu mwingine kwa siku chache, na kwamba nafasi yake ipo, lakini kwanza daktari.

Mzee aliiweka kando habari ya daktari. Alikuwa bado na jambo moja linamkereketa, na ubishi wa mteremkoni Newala haukuwa umekufa ndani yake.

"Wewe Ziada, mwenyewe unatembeaje?"

"Kawaida tu, baba."

"Nenda basi, bila kuburuza. Nikusikie."

Mzee Swalehe aligeuza sikio la kulia, lile lililokuwa likimsikia mama na ndoo tangu chini ya mteremko, akafumba macho ambayo hayakuwa na faida nyingi yakiwa wazi. Alisikia boila ya kiwanda. Alisikia bodaboda mbali upande wa Lisekese, na upepo ukicheza na pembe ya turubai. Alingoja hatua ya kwanza. Akangoja sana, mpaka akadhani Ziada ameona haya.

"Haya, anza," alisema.

Sauti ya Ziada ilitokea ng'ambo ya uwanja, mlangoni mwa ukumbi.

"Nimeshafika, baba."

Mzee Swalehe alibaki ameelekeza uso kule sauti ilikotoka. Kisha alipapasa gunia mpaka akalipata daftari, akalifunga, akauliza hospitali inafungua saa ngapi.